Sebule Isiyo na Makorokoro

Naomba msinicheke sana. Ulikuwa mwaka ule maduka ya Dodoma yalipojaa ghafla maua ya plastiki na taa za rangi, na sebule zote za mtaa wetu wa Nkuhungu zikageuka maduka. Mama mkwe wangu, aliyekuwa anakuja kwa treni kutoka Gulwe, hapendi makorokoro, nami nilimwogopa kuliko bosi wangu. Basi, mkesha wa Krismasi nikatoa makochi na kabati, nikavirundika uani. Ndani nikabakiza mikeka na tawi moja la maua mekundu kwenye kopo.

Nilikuwa mlangoni najifuta vumbi machoni kwa kanga, jirani yangu Mama Neema akaniona, akaondoka mbio. Punde wakaingia akina mama sita, mmoja na kuni kichwani. Wakavua viatu, wakakaa mikekani.

"Pole, dada," akanong'ona Mama Neema.

"Asante, kazi ilikuwa kubwa."

Mimi mjinga nikadhani sebule yangu imewagusa! Mmoja alipoanza kulia, moyo ukanilipuka. Makochi nje, mikeka ndani: si ndivyo tunavyoipanga nyumba yenye msiba?

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akatokea mlangoni. Kuku akamponyoka mkononi.

"Yona mwanangu! Mmemlaza wapi?"

Yona, mume wangu, alikuwa kwa kinyozi.

Wanawake wote wakanigeukia, maana hata wao walikuwa wanangoja kuambiwa aliyekufa ni nani. Na sebule nzima haikuwa na hata kiti cha kujificha nyuma yake.