Matundu Niliyoyaziba kwa Udongo

Bati likipata jua la saa nne hulia, ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti. Kila nikisikia mlio huo hapa kwetu Chamwino, naukumbuka msimu wa mavuno uliofuata msiba wa wazazi wetu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nimeacha shule darasa la sita ili nimlee mdogo wangu Pendo. Baba mdogo, aliyefanya kazi Dodoma mjini, alituletea boksi refu lenye kibanda cha bati cha kuunganisha, kile ambacho watu wa mjini hukiweka bustanini kutunzia majembe. Kihenge cha mama cha kuwekea nafaka kilikuwa kimeliwa na mchwa. "Wekeni mtama humu," alisema. "Mtama ukiwafikisha mavuno yajayo, huna haja ya vibarua. Januari unarudi darasani." Nilipomwomba atusaidie kukiunga, alicheka. "Michoro si hiyo hapo? Wewe ndiye msomi wa nyumba hii." Akapanda pikipiki, akaenda zake.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, nami Kiingereza changu kiliishia kwenye salamu. Nikafuata picha. Kwa siku tatu nilikaza skrubu kwa ncha ya kisu, Pendo akiwa ameshika nati kwenye pindo la gauni lake, upepo wa Juni ukinipokonya mabati na kingo zake zikinichana vidole. Jirani yetu Mama Yohana alisimama akatazama. "He, mwanangu! Choo hicho au kanisa?"

"Shikamoo, mama. Ni ghala."

"Marahaba. Mbona lina matobo huko juu? Panya watakushukuru!"

Nami nilikuwa nimeyaona, safu ya matundu membamba chini ya paa. Marehemu mama hakuacha ufa hata mmoja katika tembe yetu, nyumba ya udongo. Aliziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, kisha akalainisha kwa kiganja. Nikaziba vivyo hivyo, tundu kwa tundu, nikijiambia kwamba angekuwepo angenisifu. Tukamimina mtama wote, pamoja na mbegu za msimu ujao.

Wiki ya tano nilifungua mlango. Joto lenye harufu ya pombe iliyochacha lilinipiga usoni. Paa lilikuwa likidondosha maji kwa ndani. Mtama ulikuwa umeota, umeshikana mabonge meusi, na hata kuku waliuparua wakauacha. Januari ilipofika, wenzangu walipita na sare zao nikiwa napalilia shamba la watu. Sikurudi shule tena. Baba mdogo alidai niliuweka mbichi. Mimi nililaumu bati lake, na tangu hapo nilimwamkia bila kumtazama, mpaka tulipomzika.

Pendo nilimsomesha kwa vibarua hivyo hivyo, na leo anafundisha Kiingereza sekondari. Mwaka jana, akipanga sanduku la mama, aliikuta ile karatasi ya michoro. "Dada, kumbe wameandika matundu ya juu yasizibwe, la sivyo bati litatoa jasho," alisema, akaikunja. "Chai ipo?"

Nilimwambia ipo jikoni. Kisha nikatoka nikasimama nyuma ya kibanda, nikapitisha kidole chini ya paa. Mabati yameshika kutu, mlango umelegea. Udongo wangu haujapata ufa hata mmoja.