Maiti Haiamkiwi

Mdogo wangu alikufa akiwa darasa la kwanza, na kwa karibu wiki tatu aliendelea kula maharage, kuchota maji na kulala nami kitanda kimoja. Aliyemuua alikuwa mwalimu wetu, na alimuua kwa maneno tu, mbele ya shule nzima, mchana kweupe. Sitii chumvi. Mtoto mwenyewe aliamini kwamba amekufa, na mtoto wa miaka saba akishaamini jambo, wewe mtu mzima utaongea mpaka koo likauke.

Nimehamahama sana tangu wakati ule. Nimepika mgahawani Kahama, nimekuwa karani wa ghala la pamba Geita, nimepanga vyumba Kigoma na Tabora, na kila ninapozoea mahali miguu huanza kuniwasha. Kote huko nimebeba vitu viwili: hamu ya Mugoma, na hasira ya mwalimu yule. Hamu hupungua nikifika nyumbani na kukaa wiki moja. Hasira haijapungua, wala sijawahi kuiombea ipungue.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Wazazi walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye migomba yao ya zamani, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba kumi kumi, na kila kumi ikapewa balozi. Shule waliijenga wenyewe kwa matofali ya udongo. Watoto wote walitakiwa kusoma, na mzazi ambaye mtoto wake haonekani aliitwa ofisi ya kijiji akaulizwa mbele ya watu kama anapinga maendeleo. Sisi wa darasa la nne tulikuwa tumeanza kukiweza Kiswahili. Wa darasa la kwanza walikuja na Kihangaza kitupu. Jambo la kwanza walilofundishwa lilikuwa "Shikamoo, Mwalimu", maana bila hilo siku haikuanza.

Vita vilipoanza vilikuwa mbali nasi, juu huko kaskazini mwa mkoa. Tulivisikia kwenye redio ya mwalimu mkuu, na kwa watu waliotoka Biharamulo wakasimulia malori ya askari yaliyopita siku nzima bila kukatika. Kisha tukaambiwa tuchimbe mahandaki. Sisi wakubwa tulichimba mawili nyuma ya darasa la kwanza, kando ya ua wa minyaa, mpaka udongo mwekundu ukatuingia masikioni.

Mazoezi alipewa mwalimu mmoja aliyekuwa amepita jeshini mwaka mmoja. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye kiatu kilichong'arishwa hata siku za matope. Alitoka mbali. Sisemi wapi, kwa sababu watu wa kwao hawakunikosea kitu. Wala simlaumu kwa mazoezi yenyewe, maana nchi nzima ilikuwa na hofu na watoto walistahili kujua pa kukimbilia. Namlaumu kwa jinsi alivyoyafurahia.

"Filimbi ikilia, ndege imefika," alituambia mstarini. "Mnakwenda kwenye handaki, mnalala. Atakayesimama, atakayekimbia hovyo, huyo amekufa. Mmesikia?"

"Tumesikia, Mwalimu."

Tulisikia kila mtu kwa sikio lake. Kwetu l na r ni ndugu, hatuzitenganishi, na katika Kihangaza kurara ni kupitisha usiku mahali mpaka kuche. Kujinyoosha chini tu kuna neno lake jingine, kuryama. Mwalimu aliposema "mnalala", darasa la kwanza zima lilisikia kwamba usiku ule hawatarudi kwa mama zao. Mdogo wangu alinigeukia, akaninong'oneza kwa lugha ya nyumbani, "Dada, tutalala humo?"

Nami, kwa kuwa nilitaka kuonekana najua Kiswahili, nikamjibu, "Ndiyo. Nyamaza."

Filimbi ikalia. Tukakimbilia mahandakini, tukalala juu ya miguu na migongo ya wenzetu, na vumbi likatuziba pua. Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho, sikumwona. Tulikuwa bado tumelala tuliposikia mtu wa kwanza akicheka, kisha wa pili. Nikainua kichwa. Mdogo wangu alikuwa anakuja mbio kutoka njia ya nyumbani, mkeka uliokunjwa ukiwa kichwani na blanketi la mama begani. Kama ni kulala shuleni, yeye alikuwa amejiandaa.

Mwalimu alimngoja pale pale. "Umetoka wapi wewe?"

Mtoto hakuwa na Kiswahili cha kumjibu. Alitua mkeka, akatoa yale maneno pekee aliyokuwa ameyashika vizuri. "Shikamoo, Mwalimu."

"Maiti haiamkii," Mwalimu akasema.

Watu wakacheka zaidi, na kicheko kile ndicho kilichomnogesha. Alimchapa fimbo nne za miguu. Kisha akautandika ule mkeka kando ya handaki, akamlaza juu yake, akamfunika blanketi mpaka kichwani. "Mmemwona? Ndege imempiga huyu. Asiongeleshwe na mtu." Jua lilikuwa kali. Akatupanga mstari, akaita majina kwenye kitabu cha mahudhurio, na alipofika kwenye jina la mdogo wangu akajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba, "Marehemu." Mtoto alilala pale chini ya blanketi la sufu mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mimi nilikuwa mstarini, hatua kumi kutoka kwake, nikaitikia jina langu kama wengine.

Kesho yake hakwenda shule. Wala keshokutwa.

Nyumbani walimwita mwoga. Baba alimwonyesha fimbo, lakini mtoto aliitazama tu kama kitu cha mtu mwingine. Mama alimwambia vita viko mbali, ndege haiwezi kupoteza mafuta kuja kupiga mihogo ya Mugoma. Katekista alikuja akamwombea. Balozi naye akaja, akakaa kwenye kigoda, akamuuliza, "Binti mdogo, unaogopa nini? Askari wetu wako wengi." Kisha akamwambia baba kwamba akipita Jumatatu ijayo bila mtoto kuonekana darasani, jina lake litapelekwa ofisini, yeye hana la kufanya.

Wote walimwambia asiogope. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini hasa, na mimi nikiwemo, mpaka siku tulipokuwa kisimani. Ndoo yangu ilikuwa imejaa, nasokota ngata. Akasema, "Dada, mtu akifa shuleni, nyumbani anakuwa hai?"

"Nani amekufa?"

"Mimi. Mwalimu amesoma kwenye kitabu."

Nikamwambia watu waliokufa hawachoti maji. Akafikiri, akasema hapa si shuleni. Nikamwambia mama asingempikia maiti maharage. Akasema mama hakuwepo. Kila mlango niliofungua alikuwa ameshaufunga. Alikuwa na kanuni, na kanuni ile alipewa na mtu mwenye chaki. Nilimtazama miguuni, mahali pale pa fimbo nne pakiwa pameanza kubanduka, nikajua kwamba sitamtoa humo kwa kumbembeleza.

"Na yeye atakufa," nikasema.

"Nani?"

"Mwalimu. Kwa kanuni hiyo hiyo. Njoo uone."

Hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Wenye elimu ya watoto wanaweza kunisahihisha. Dawa niliyokuwa nayo ilikuwa hiyo.

Wiki ile ilikuwa zamu ya darasa letu kufagia ofisi ya walimu, na filimbi ilikuwa inaning'inia kwenye msumari juu ya ramani. Ijumaa nilimficha mdogo wangu nje ya ua wa minyaa, nikamwambia asitoke. Baada ya uji, nilimwona Mwalimu anaelekea chooni na kipande cha gazeti. Choo cha walimu kilikuwa cha nyasi, na gunia ndilo lililokuwa mlango. Nilihesabu mpaka ishirini ili awe ameshakaa. Nikaingia ofisini kukiwa hakuna mtu, nikachukua filimbi, nikaipuliza kwa pumzi yangu yote, nikairudisha msumarini, nikakimbia handakini pamoja na wengine.

Shule nzima ililala. Tukiwa tumeinua shingo kidogo tu, tuliliona gunia likiruka. Mwalimu alitoka amesimama wima, ameshika suruali kwa mkono mmoja, mkanda ukimfuata nyuma kama mkia. Hakuja handakini. Alipita mbele yetu mbio, mbele ya darasa la kwanza ambao walikuwa wamelala vizuri kama alivyowafundisha, akaruka ua wa minyaa na kupotelea kwenye mibuni. Aliruka hatua tatu kutoka pale alipochuchumaa mdogo wangu.

Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa raha. La pili silisemi kwa raha, ila ni la kweli: chini yangu handakini kulikuwa na mtoto mdogo anayetetemeka, na niliposhusha mkono nikakuta amejikojolea. Filimbi kwake ilikuwa ndege ya kweli. Hofu ile nilimpa mimi. Nilivua sweta langu, nikamfunga kiunoni, nikamwambia ni mazoezi tu. Najutia hilo. Yale mengine siyajutii.

Mwalimu mkuu alitoka nyumbani kwake na redio yake mkononi, mzee wa watu, mtaratibu. "Nani amepuliza?" Aliangalia kule kwenye mibuni, akaangalia gunia lililolala chini, akarudi ndani.

Habari niliisambaza mwenyewe kabla hatujatawanyika. Amesimama, amekimbia hovyo, kwa hiyo amekufa. Hakuna aliyehitaji maelezo.

Jumatatu mdogo wangu alikuja shuleni ameshika kidole changu, akaniacha mstarini, akaenda kusimama na darasa lake. Mwalimu alikuwa wa zamu. Alikuja mbele na kiatu chake king'aacho, akasimama kungoja salamu. Watoto mia na zaidi tulikuwa tumenyooka, mikono nyuma, macho mbele. Kimya. Kuku wa mwalimu mkuu walikuwa wanaparura nyuma ya ofisi, tuliwasikia.

"Mmekuwa mabubu?"

Kimya.

"Nimesimama mbele yenu. Salamu iko wapi?"

Ndipo sauti ndogo ikatoka mstari wa kwanza. Sikuwa nimemfundisha maneno hayo. Aliyaunda usiku na mchana, peke yake, kwa Kiswahili chake cha miezi michache, na hayakuwa na kosa hata moja.

"Maiti haiamkiwi."

Shule iliangua kicheko ambacho hata walimu wengine wawili walishindwa kukizuia. Mwalimu mkuu aligeuza uso, akakohoa sana. Mwalimu alikwenda kwa mdogo wangu na fimbo, lakini mzee alikuwa amefika kabla yake, ameshika mkono wa mtoto. Hakugomba. Alisema tu, "Leo nitaita majina mimi." Aliita darasa la kwanza lote, na alipofika kwenye lile jina, akainua macho kutoka kitabuni, ndipo akalitamka.

"Nipo," akajibu mdogo wangu.

Kisha mzee akawaeleza wadogo, kwa Kihangaza, jambo lililokuwa marufuku shuleni, kwamba handakini ni kuryama na si kurara, na kwamba kila siku, vita au bila vita, kengele ikigonga kila mtu atarudi kwao. Nikaona mabega yao yakishuka. Wengine walikuwa wamekuja na hofu hiyo kila asubuhi kwa wiki tatu, na hakuna aliyejua.

Alasiri ile Mwalimu alitafuta wa kulipia, na darasa la nne tukalipia. Mimi nilichapwa sita. Nilizihesabu, nikaziona chache. Muhula ulipokwisha alihamishwa, na sikumwona tena kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mdogo wangu sasa analima Kaniha, ana wanawe wanne. Mmoja wao akigoma kwenda shule, hamwambii asiogope. Humkalisha jikoni akiwa anamenya ndizi, akamuuliza, "Umeambiwaje? Nitajie neno lenyewe." Anaweza kukaa mpaka ndizi ziishe. Yeye amemsamehe mwalimu yule, au anasema hivyo. Mimi hakuna aliyenituma kusamehe.

Mwaka jana nilikuwa natoka kwa mdogo wangu, basi likasimama Nyakahura watu wanunue maziwa na mahindi ya kuchoma. Karibu na meza ya ndizi kulikuwa na mzee amekaa kwenye benchi, amenyoosha miguu, akimgombeza muuzaji. "Nimesema zile mbivu. Umesikia?" Niliitambua sauti kabla ya uso. Nikashusha macho. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa kiwi mpaka unajiona, katika vumbi lile.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo tangu nina miaka kumi. Nikasogea, nikasimama mbele yake, mikono nyuma, nimenyooka kama mstarini. Alinitazama. Mtu wa umri wangu akisimama hivyo mbele ya mzee kama yeye, kuna neno moja tu linalongojwa. Nikalibana nyuma ya meno. Nikaacha kimya kile cha Jumatatu kikae kati yetu.

Akatabasamu. "Marahaba, mwanangu."

Nilikuwa sijafungua mdomo. Muuzaji wa ndizi akaniambia kwa huruma, "Mzee hasikii vizuri, mama. Huyu anaitikia kila mtu."

"Sijakuamkia," nikasema.

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Eeh?"

"Nimesema sijakuamkia, Mwalimu."

"Marahaba, marahaba. Nyumbani hawajambo?"

Basi likapiga honi, kondakta akaniita, nikapanda. Nilipomsimulia mdogo wangu kwa simu alicheka mpaka nikasikia anaketi. "Dada, miaka yote hiyo, na bado amekuitikia."

Mwezi ujao nitapita tena njia ile. Nitashuka Nyakahura hata kama sina njaa, na safari hii nitainama mpaka sikioni mwake, asikie kwamba sijamwamkia.