Nani Anammwagilia Mnene?

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, lango bado limefungwa, Bi Mpira anapiga magoti chini ya mti na kuchomeka kidole cha shahada kwenye udongo. Anakizamisha mpaka kiungo cha pili. Anakitoa, anakikagua, kisha anakinyoosha mbele ya pua ya mwandishi.

"Unaona nini?"

"Udongo."

"Udongo wa namna gani?"

"Umelowa."

"Haya niambie, mwanangu. Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

Mvua haijanyesha kwa zaidi ya miezi miwili. Bi Mpira mwenyewe hajaupa mti huu hata tone kwa siku arobaini na moja, naye ndiye mwenye ufunguo pekee wa bomba. Ufunguo huo anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na anaoga nao.

"Basi kuna mtu," anasema, akijifuta kidole kwenye aproni. "Kuna mtu anataka mti wangu ufe."

Ana miaka hamsini na saba. Jina la Bi Mpira alilipata kwa sababu ya mpira wa maji anaotembea nao begani, na hata wanawe siku hizi wanamwita hivyo wakitaka kumchokoza. Ameitunza bustani hii kwa miaka ishirini na miwili. Mshahara wake hataki uandikwe gazetini. "Watu wasije wakaanza kunihesabia," anasema, na mwandishi anaachiwa jicho la onyo.

Bustani ni ya ekari tatu, mali ya jumuiya ya hiari isiyotafuta faida. Haina kiingilio na haiuzi kitu, inaishi kwa michango na kwa mikono ya watu wanaojitolea. Kiangazi kikishika, mabati yakianza kuchoma vichwa vya watu majumbani, mtaa mzima huhamia hapa. Asubuhi huja wanawake wa mazoezi na redio yao. Hufuata wastaafu, wanaojigawia mabenchi kama vile waliyarithi. Mchana kina mama wenye watoto wachanga hutandika mikeka, wanafunzi hujifanya wanasoma, na wapo wasiojifanya lolote, wanalala tu. Daftari la mlinzi wa lango linaonyesha kuwa Jumamosi moja waliingia watu mia tatu na kumi.

Katikati ya yote hayo yupo Mnene. Ni mti wa jamii ya waridi la jangwani, mrefu kumzidi mtu mzima, wenye kiwiliwili kilichovimba kama mtungi. Bi Mpira aliuleta mwenyewe ukiwa ndani ya kopo la rangi, wiki yake ya kwanza kazini, ukiwa na urefu wa kiganja. Kila kiangazi Mnene hupukutisha majani yote, akabaki uchi mpaka mvua zirudi.

"Amelala tu," anaeleza Bi Mpira. "Maji yake anayo tumboni. Ukimpa mengine wakati amelala, anaoza kuanzia chini, na wewe huku unadhani umemsaidia."

Anabonyeza shina kwa dole gumba. Upande mmoja ni mgumu. Upande wa pili unabonyea kama papai lililoiva.

Wenzake Mnene wawili, wadogo, wameshaoza kiangazi hiki. Kamati ya jumuiya imemwandikia Bi Mpira barua: Jumamosi aje kikaoni kujadili "hali ya mimea na mustakabali wa nafasi ya mtunza bustani". Yapo maneno kwamba italetwa kampuni. Mnene akifa, Bi Mpira anatoka. Hilo hakuna aliyelisema wazi, na ndiyo maana hamna asiyelijua.

Mwandishi alikuja Jumatatu kuandika habari za watu wanavyolikimbia joto. Kufikia Jumatano alikuwa amegeuka mpelelezi msaidizi.

Washukiwa walikuwa wengi. Wa kwanza ni mlinzi wa lango, anayeitwa Afande ingawa hajawahi kuwa askari popote. Bi Mpira akipita, Afande alikuwa akikata mazungumzo na kuanza kuchunguza kucha zake. Wa pili ni fundi cherehani mstaafu, mzee mwenye fimbo na chupa ya chai. "Chupa inaingia imejaa, inatoka tupu," alisema Bi Mpira, "na sijawahi kumwona anakunywa." Kisha wale wanawake wa mazoezi. Kila mmoja alikuja na chupa ya maji ya lita mbili. Nani anakunywa lita mbili kwa kuruka ruka nusu saa?

Wa nne alitajwa kwa sauti ya chini, nyuma ya banda la vifaa: mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila mtu anamwita Mwalimu. Alikuwa ameacha kumsalimia Bi Mpira tangu mwanzo wa kiangazi. Siku moja alisimama mbele ya Mnene muda mrefu, mikono nyuma, akatikisa kichwa, akaondoka.

"Alikuwa anampima kaburi," alisema Bi Mpira.

Hapa mwandishi akiri jambo. Naye aliambukizwa. Alimfuata mzee wa watu mpaka chooni akitaka kujua chai inamwagwa wapi, akarudi na aibu yake. Na Bi Mpira hakumwacha mwandishi nje ya orodha. Jumatano jioni alimfungulia mkoba langoni, akapekua hadi mfuko wa kalamu, akaukabidhi bila kuomba radhi.

Ijumaa alitega mtego. Alichekecha jivu la majani makavu mpaka likawa laini kama unga, akalitandaza kumzunguka Mnene upana wa hatua tatu. Kofia yake ya ukindu akaivika kwenye mpini wa reki, kule mwisho wa bustani nyuma ya ua, ili atakayechungulia adhani yuko huko anapalilia. Saa saba, muda wake wa chakula, akaingia bandani na mwandishi, akakaa akiupa mlango mgongo.

Mwandishi alishauri wachungulie.

"Sichungulii. Nikimwona kwa macho yangu na koleo hili hapa, kesho gazeti lenu litakuwa na habari nyingine. Nitasoma nyayo."

Walikula. Baada ya nusu saa wakatoka.

Jivu lilikuwa limekanyagwa kote. Zilikuwepo alama za raba za kila saizi. Zilikuwepo ndala, viatu vya kike vyenye kisigino, vidole vya mtoto, na vitundu vya fimbo vikiwa vimepangana vizuri. Na kulikuwa na buti la kushoto lisilo na kisigino, ambalo katika bustani nzima analo Afande peke yake. Karibu na shina jivu lilikuwa limelowa na kugeuka uji.

Bi Mpira alishika kichwa. "Wote," alisema. "Miaka ishirini na miwili, na wote wamenigeuka."

Mzee fundi alikuwa bado palepale, akikung'uta matone ya mwisho ya chupa yake. Alipowaona aliificha nyuma ya mgongo, na chupa ilikuwa kubwa kuliko mgongo.

"Mzee wangu, nimekukosea nini?" Bi Mpira aliuliza, na sauti haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyeumia.

"Nisamehe binti yangu. Tulikubaliana usijue."

"Nisijue nini?"

"Kwamba tunajua wamekunyima maji ya mti."

"Nani kaninyima maji?"

Mzee alinyoosha fimbo. Pale chini ya Mnene pana kibao cha kijani chenye herufi nyeupe, kazi ya mkono wa Bi Mpira mwenyewe, alichokisimika mwanzoni mwa kiangazi. Kinasema: MTI HUU HAUMWAGILIWI.

"Si umeandika mwenyewe?" alisema mzee. "Mimi niliposoma niliingiwa na huruma, wallahi. Nikasema jamani, mti mzima huu, hauna hata jani, na haumwagiliwi! Watu gani hawa?"

Bi Mpira alikitazama kibao, akamtazama mzee, akarudi kwenye kibao.

"Lakini mimi nilimaanisha haumwagiliwi."

"Ndiyo. Haumwagiliwi."

"Haumwagiliwi, yaani usimwagiliwe!"

"Sasa si ungesema?"

Mwandishi aligeuka pembeni akajifanya ana kikohozi.

Ukweli wote ulimwagika mchana ule. Wanawake wa mazoezi waliitwa, na kiongozi wao akafungua simu. Humo kulikuwa na kundi la watu thelathini na wanne lenye jina "Tumwokoe Mnene", pamoja na zamu za wiki nzima: nani aje na lita ngapi, amwage lini. Muda waliouchagua ni saa saba, Bi Mpira akiwa anakula.

"Mbona kwa siri?" aliuliza mwandishi.

"Tulimstahi," alijibu kiongozi. "Maji ya bustani yalipopunguzwa mpaka siku mbili kwa wiki, tukajua kamati imemkataza, naye kaandika kwa uchungu. Tungemsaidia waziwazi angeonekana hawezi kazi. Wale wawili wadogo, nao tuliwamwagia, walipooza, tukasema wamekufa kwa kiu. Tukaongeza lita."

Afande alikuna kisogo. "Mimi nilikuwa nafumba macho tu, mama. Na mara mojamoja namwagia maji ya kwangu."

Kwa hiyo Bi Mpira hakuwa amekosea. Njama ilikuwepo, ina wanachama na ina ratiba. Watu wazima walikuwa wakinyamaza akipita. Alichokosea ni kudhani wanamchukia.

Kwa nini hakuandika tu "Usimwagilie"? Mwandishi alimuuliza.

"Mama yangu alinilea hivyo. Mtu mzima humwambii usi, usi. Hiyo ni amri. Unamwambia hapa hapakaliwi, hiki hakiguswi, naye anajiongeza mwenyewe."

Vibao vyake vyote vina adabu hiyo. NYASI HIZI HAZIKANYAGWI, kinasema kimoja, na hakuna aliyewahi kukisoma akazionea nyasi huruma kwa kutokanyagwa. MAUA HAYACHUMWI, na hakuna aliyechuma kwa kuyahurumia. Adabu ilimponza kwenye mti mmoja tu, ule anaoupenda.

Jumamosi kamati ilikaa chini ya kivuli cha ua. Mwalimu alikuwa na sababu yake ya kununa. Yeye alikisoma kibao akadhani mtunza bustani anaianika kamati hadharani kwa kuwa ilipunguza maji. Barua ile aliiandika akiwa na hasira, na alikiri hivyo mbele ya watu. Kisha, mwalimu ni mwalimu, akalichambua neno dakika kumi, kiambishi kwa kiambishi, na kuhitimisha kuwa kisarufi kibao hakina kosa lolote.

"Hakina kosa na mti unaoza," alisema Bi Mpira.

Uamuzi uliahirishwa. Mnene akichipua mvua za kwanza, barua itachanwa. Asipochipua, kamati "itaangalia upya". Mwandishi haoni haki hapo, na aliwaambia. Mtaa mzima ulishika chupa, ila kazi inayoning'inia ni ya mmoja.

Bi Mpira hakungoja huruma ya mtu. Jumatatu alfajiri alifukua shina, akakata sehemu iliyooza kwa kisu alichokichemsha, kipande kwa kipande, mpaka akafika kwenye nyama nyeupe ngumu. Alikuwa akilia, na hakujificha. Kidonda akakipaka jivu, jivu lilelile la mtego, na mizizi akaiacha wazi ikauke. Mzee fundi alikwisha kushona kitambaa cha gunia cha kukikinga na jua. Lile kundi la simu halikuvunjwa. Limebadilishwa jina na sasa zamu ni za kukaa pale kumzuia yeyote mwenye chupa.

Kibao kipya kiko tayari, ila Bi Mpira hajakisimika. Amekiegemeza langoni, na kila anayeingia lazima asome kwa sauti kisha aeleze alichoelewa. Kinasema: MNENE AMELALA. TAFADHALI MSIMPE MAJI.

"Nimeelewa nimpe soda," alisema Afande, na wanawake wa mazoezi wakavunjika mbavu.

Bi Mpira hakucheka. Alichukua brashi, akaongeza chini: WALA KITU KINGINE.

Ana ombi moja tu kwa kiangazi hiki, anasema. Hataki maua. "Nataka jani moja. Dogo tu, kama ukucha. Nilione mimi mwenyewe kabla ya kamati." Anabonyeza shina kwa dole gumba, upande uliobaki, na kuliacha dole pale kwa muda. Shina ni gumu. Lilikuwa gumu jana pia.

Anamsindikiza mwandishi mpaka langoni, anamshika mkono kwa mikono yote miwili na kumwambia arudi mvua zikianza, hata kama habari ni mbaya. Kisha anauangalia mkoba.

"Mimi nakuamini, mwanangu," anasema. "Lakini siku hiyo chupa uiache kwa Afande."