Mguu wa Kushoto wa Dereva

Nyaruai alinunua gari la otomatiki ili goti la kushoto la dereva wake lipumzike, baada ya miaka mingi ya kukanyaga klachi kati ya Kitale na Bungoma. Goti halikutaka kupumzika. Tangu Kiminini mguu ule ulikuwa ukikanyaga sakafu tupu, na mkono wa kushoto, wenye kiganja kilicholainishwa na gia, ukipapasa, ukikosa kazi, ukirudi pajani. Kila kilima dereva alinguruma kooni, sauti ileile ya gari lao kuukuu, akingoja zamu yake ya kubadilisha. Zamu haikuja. Walipokuwa wakipanda kutoka Kamukuywa, gari likashusha gia lenyewe. Akageuka ghafla, kama mtu aliyehisi mkono mfukoni mwake.

“Nani amebadilisha?”

“Si ni gari?”

“Ati bila kuniuliza?”

Nyaruai akacheka, akaona anacheka peke yake, asijue amekosea wapi. Walipoegesha Bungoma akamwambia, “Asante, umetufikisha salama.” Dereva alizima injini, akaitazama mikono yake, kisha akampa ufunguo.

“Si mimi, mama. Mimi pia nimeletwa tu.”