Rangi ya Kijani Kwenye Soli ya Matar

Wanu Nahodha alikuwa ameshafua na kukunja mashuka ya hoteli moja ya Mji Mkongwe kwa miaka kumi na tisa pale nafasi ya msimamizi ilipotangazwa. Safari hii anayeitaka angefanya mtihani wa maandishi. Hesabu hazikumtisha. Kilichomtisha ni maswali ya mantiki, maana hata neno lenyewe alikuwa halijui.

Akamwomba binti yake Nadra, mwalimu wa sekondari, amsomeshe. Kila baada ya sala ya alasiri wakawa wanakaa chini kwenye mkeka, nyumbani kwao mtaa wa Malindi, daftari katikati yao.

Nadra alianza na jepesi. Mvua ikinyesha, ua hurowa. Leo ua umerowa. Je, ni lazima mvua imenyesha? Wanu akajibu ndiyo bila kufikiri. Nadra akamuuliza kama kulikuwa na mvua asubuhi ile, jirani yao alipokuwa akikosha busati uani. Wanu akacheka, akafuta jibu.

Kufika siku ya tatu alikuwa keshaujua mtego. Kila daktari kasoma, lakini si kila aliyesoma ni daktari. Maneno yanakwenda upande mmoja, ukiyarudisha kinyumenyume yanakudanganya. Akawa anayakamata makosa kabla Nadra hajamaliza kusoma swali, na akaona raha ambayo hakuipata tangu aache skuli.

Siku ya nne Nadra alisoma hili: Kila aliyepita sokoni ana tope miguuni. Mbarouk ana tope miguuni. Basi Mbarouk kapita sokoni.

Wanu alilifunga daftari, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Nadra alidhani mama yake kashikwa na maradhi, akakimbilia maji. Aliporudi alimkuta amekaa vile vile.

"Si lazima," alisema Wanu. "Nadra, si lazima. Mimi nimemfukuzisha mtu kazi."

Ilikuwa miaka tisa nyuma. Saa ya mgeni ilipotea chumba namba saba, na asubuhi ile kizingiti cha chumba hicho kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani, bado mbichi. Meneja aliwakusanya wafanyakazi. Wanu ndiye aliyesema kwamba aliyeingia mle lazima kaikanyaga rangi. Viatu vikageuzwa. Soli ya Matar, kijana wa kubeba mizigo, ilikuwa na kijani. Akatolewa siku ile ile. Saa haikuonekana mpaka leo.

Sasa, kwenye mkeka, Wanu alikumbuka kitu ambacho hakuwahi kukiweka pamoja na habari ile. Asubuhi ile ile, kopo lile lile la rangi ndilo lililopaka kizingiti cha chumba cha kufulia, mlango wake mwenyewe.

Usingizi ulimpaa. Asubuhi akaenda Mkokotoni, kwao Matar, akauliza, akaelekezwa kibanda ambamo Matar anashona viti vya pikipiki.

"Shikamoo, Bi Wanu," alisema Matar, akasimama.

"Marahaba, mwanangu."

Akamweleza yote akiwa wima. Matar alimsikiliza mpaka mwisho, uzi mkononi.

"Rangi ile nliikanyaga mlangoni kwenu," alisema. "Wewe ndiye uliyeniita nije nikusaidie tenga la mashuka. Hukumbuki?"

Hakukumbuka. Halafu ikamjia: tenga, bega la kijana, nyayo za kijani kwenye sakafu yake safi, na yeye mwenyewe akimgombeza. Alikaa juu ya kiti cha pikipiki kilichokuwa kikingoja kushonwa.

"Mbona hukusema?"

"Nlisema. Meneja akaniuliza shahidi wangu nani, nikakutaja wewe. Akanambia wewe ndiye uliyenishitaki."

Wanu alimuuliza amfanyie nini. Matar alijibu kuwa kazi ya hoteli haitaki tena. Ila mama yake, Bi Mize, tangu mwaka ule akitoka nyumbani hufunga kabati lake kwa kufuli, na hajawahi kumwambia kwa nini.

Nyumba ilikuwa nyuma ya kibanda. Bi Mize alimpokea mgeni kwa heshima, akamsikiliza, uso wake ukizidi kukauka.

"Lakini alinyamaza," alisema mwishowe. "Alirudi hapa akanyamaza. Nikasema, mwizi hunyamaza."

"Na aliyedhulumiwa pia hunyamaza, bibi," alisema Wanu.

Bi Mize aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Akamwita mwanawe, Matar akaitika naam, akaja akasimama mlangoni. Mama yake alimtazama tu.

Wanu aliporudi mjini alikwenda kwa meneja mpya, akamwandikia kila kitu kwa mkono wake, pamoja na habari ya tenga. Nadra aliogopa kwamba mama yake anajiharibia. Mtihani aliufanya Jumatatu, sehemu ya mantiki hakukosa hata moja, na usimamizi akapewa mwengine. Hakuambiwa sababu, naye hakuiuliza. Alichokuwa hawezi kukimeza ni kwamba siku ile viatu vilipogeuzwa walisimama watu wazima sita kwenye ukumbi wa hoteli, na hapana hata mmoja aliyeuliza rangi nyengine iko wapi.

Baada ya wiki tatu hoteli ilitoa barua yenye muhuri: Matar aliachishwa kazi bila ushahidi, na jina lake linasafishwa. Wanu aliipeleka Mkokotoni mwenyewe. Matar aliisoma mara mbili, akampa mama yake. Bi Mize hakujua kusoma, akamrudishia Wanu ile karatasi.

"Nisomee wewe," alisema. "Taratibu."