Ngoma Iliyomwagiwa Maji

Kule ufukweni Mama Ngina, muuza mihogo akimwagia makaa maji, harufu ile ya majivu mabichi hunipandisha hasira papo hapo.

Siku ya harusi ya shangazi, nyanya alikuwa uani akiipasha ngoma moto ili ngozi ikaze. Aliigonga kwa kidole, akasikiliza, akairudisha motoni. Ami, mwanawe mkubwa, akaingia na ndoo.

"Mama, nyumbani kwangu sitaki ngoma."

Nyanya hakuinuka. "Ngoma ipi, mwanangu? Hii niliyoshika? Hawa wanawake wanaocheza? Au harusi yenyewe? Zote sisi twaziita ngoma. Nambie unayokataza ni ipi."

Ami akainua ndoo. Akamwaga maji. Makaa yakafoka, ngozi ikalowa, ikalegea. Wanawake wakajitanda buibui zao, wakatoka bila kuaga.

Jioni shangazi alitolewa kwenda kwa mumewe pasi hata kigelegele kimoja. Nyanya alisimama mlangoni, akamwambia mwanawe, wageni wote wakisikia:

"Sisi hata maiti twamsindikiza kwa sauti."