Kapeti Lililolowa la Mwalimu Haidari

Mwanawetu alikuwa fundi wa viti vya magari pale Ikwiriri. Alianza na sare za shule, mpaka dereva mmoja wa basi alipomwomba amshonee kiti kilichochanika. Tangu hapo cherehani yake haikurudi tena kwenye nguo. Mafundi wa injini walimheshimu, ila hakuna aliyewahi kumwita penye vyuma.

Masika yakielekea ukingoni, Mwalimu Haidari wa Mohoro alimletea gari lake kuukuu. Kapeti la mbele, upande wa abiria, lilikuwa limelowa chapachapa.

"Mvua inaingia mlangoni," alisema. "Nianikie kapeti, mpira wa mlango uubadilishe."

Mwanawetu akapiga magoti, akapapasa. Maji yaliteleza vidoleni, ya kijani, yananukia utamutamu. Mvua gani hii?

"Mwalimu, kioo cha mbele kinashika ukungu?"

"Kila siku! Nafuta hadi mkono unauma."

"Na maji ya rejeta?"

"Naongeza kila asubuhi. Ismaily kaikagua rejeta, haina tundu."

"Basi tundu liko huku ndani."

Ismaily, fundi wa injini wa gereji jirani, alikuja akanusa, akakubali. Iliyovuja ilikuwa ile rejeta ndogo ya hita, iliyojificha nyuma ya dashibodi, ambamo maji ya moto ya injini hupita ili kuwapasha joto waliomo garini.

"Dawa yake rahisi," alisema. "Nakata njia, naunganisha mipira huku kwenye injini, maji yasiingie ndani kabisa. Kwa joto hili la Rufiji nani anawasha hita?"

"Mimi nitawasha," Mwalimu akajibu. "Mama Amal kahamishiwa zahanati ya Makete, nami nimepata uhamisho wa kumfuata. Mtoto ana miaka miwili. Kule kuna asubuhi nyasi zinaganda."

Ismaily akatikisa kichwa. Kuifikia rejeta hiyo lazima dashibodi nzima ing'oke. Aliwahi kuing'oa moja, akaishia na skrubu za ziada mkononi na gari linalogongagonga njia nzima. "Mwalimu, nisamehe. Sirudii."

"Nitaing'oa mimi," Mwanawetu akasema.

Rejeta mpya ya hita ilipofika kwa basi kutoka Dar es Salaam, wakaichovya kwenye beseni la maji na kuipuliza. Haikutoa hata kiputo kimoja. Mwanawetu alikuwa ameshona kitambaa kirefu chenye vijifuko, kila kifuko na alama yake ya chaki: usukani, redio, kushoto, kulia. Kila skrubu iliyotoka iliingia kifukoni mwake. Ismaily alimwaga maji na kufungua mipira. Mwanawetu akainama ndani, akaitoa ile kuukuu. Pembe moja ilikuwa imeoza, imeota ukoko wa kijani. Akakata sponji ya viti, akaizungushia mpya isije ikatikisika.

Jioni ya siku ya pili dashibodi ilirudi mahali pake. Vijifuko vyote vitupu. Wakajaribu taa: indiketa kimya. Mwanawetu alitamani kulia. Alikuwa amesahau kuchomeka waya mmoja.

"Hata mimi husahau," Ismaily akamwambia. "Fungua upande huo tu, dada'angu."

Kesho yake saa sita mchana wakawasha injini, wakajaza maji mpaka hewa yote ikatoka, kisha Mwalimu akafungulia hita. Upepo wa moto ukawapiga miguuni. Jasho likawatiririka wote watatu.

"Zima, Mwalimu, utatuchemsha!" Ismaily alipiga kelele huku akicheka.

Mwanawetu hakutoka. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo, mara mbili. Pakavu.

Mwezi wa saba Mwalimu alipiga simu kutoka Makete. Amal alikuwa amevua kofia mwenyewe garini, akilalamika joto. Mwanawetu akacheka, akamwomba radhi kwamba hawezi kuongea sana: Ismaily alikuwa amemletea pikapu ya watu wa Mbwera, na dashibodi yake ilikuwa nusu imeshatoka.